Kucha, ukingo, shada au mbano: tanzanaiti ya pete ya uchumba ikae vipi?

Mdogo wangu alikuja nyumbani Jumapili jioni na kikaratasi cheupe kilichokunjwa mara nne, kama vile wanavyofungia wauza vito. Akakifungua juu ya meza ya chakula. Ndani mlikuwa na tanzanaiti moja yenye umbo la yai, uzito wa karati mbili na nukta kidogo, buluu ukiitazama hivi, zambarau ukiigeuza vile.

"Dada, jiwe ninalo," akasema. "Sasa niambie, likae vipi kwenye pete?"

Kwenye simu alikuwa amehifadhi picha zaidi ya thelathini. Jiwe limeinuliwa juu ya kucha nyembamba, yaani vidole vya dhahabu vinavyolishika, jiwe limezungukwa na vito vidogo vinavyometa, jiwe limebanwa katikati ya pete iliyokatwa kana kwamba linaelea hewani. Zote nzuri. Lakini nilipozipitia moja baada ya nyingine, karibu zote zilikuwa pete za almasi, na hapo ndipo vijana wengi wanapokosea: wanachukua mkao uliobuniwa kwa ajili ya almasi, wanaliweka humo jiwe jingine kabisa.

Alijua kwa nini ananiuliza mimi. Pete yangu ya uchumba ilikuwa tanzanaiti iliyosimama juu ya kucha nne, ndefu, nyembamba, na niliipenda mno. Mwaka wa pili nikiwa naosha masufuria, mkono uligonga ukingo wa sinki. Sikuumia, wala sikutazama. Siku tatu baadaye, juani, nikaona upande mmoja wa jiwe umemeguka kipande kama punje ya ufuta, na kutoka hapo ufa mwembamba unaingia ndani. Sonara aliyeniuzia hakuwa amenieleza lolote zaidi ya bei na saizi ya kidole. Fundi mwingine akalikata upya, likapungua, kisha akalizungushia ukanda wa dhahabu. Hivyo jiwe hilohilo nimelivaa kwa mikao miwili, na ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomwambia mdogo wangu usiku ule mpaka chai ikapoa.

Kwanza, ujue jiwe lako lina tabia gani

Ugumu wa vito hupimwa kwa kipimo cha Mohs, kutoka 1 hadi 10. Almasi ni 10. Yakuti, ya buluu au nyekundu, ni 9. Spineli, ile inayochimbwa Mahenge, ni 8. Tanzanaiti ni kati ya 6 na 7. Sasa vumbi la kawaida, hili tunalofuta kwenye kabati kila asubuhi, lina chembe za mchanga wa kwatzi, na kwatzi ni 7. Maana yake ni kwamba hata kuifuta tanzanaiti kwa kitambaa kikavu chenye vumbi kunaweza kuikwaruza kidogo kidogo mpaka ikafifia.

Lakini mkwaruzo siyo adui mkubwa. Adui mkubwa ni pigo. Tanzanaiti ina mwelekeo mmoja ambao inapasuka kirahisi sana, kama ukuni unavyopasuka ukipigwa shoka kufuata nyuzi zake. Pigo dogo likiangukia mwelekeo huo, jiwe linaachia. Na halipendi joto la ghafla. Ni kweli kwamba mawe mengi ya Mirerani, kaskazini mwa Tanzania inakochimbwa tanzanaiti, hutoka ardhini yakiwa na rangi ya kahawia na hupashwa joto la nyuzi 500 hadi 600 ili buluu ijitokeze, ila joto hilo hupandishwa na kushushwa polepole. Moto wa fundi anayeunga pete ni jambo tofauti kabisa.

Kwa hiyo swali la kwanza siyo "mkao upi ni wa kisasa?" Ni "mkao upi utapokea pigo badala ya jiwe?" Nikiwa na almasi mkononi ningekupa majibu mengine, na nitakuwa nikionyesha tofauti hiyo njiani.

Kucha na ukingo

Hii ndiyo mikao miwili ambayo mtu mwingi atalazimika kuchagua kati yake, kwa hiyo nitakaa hapa kuliko kwingine.

Pete ya kucha ni ile ambayo jiwe limeshikwa na vidole vya dhahabu, vinne au sita, vinavyopanda kutoka chini na kujikunja kidogo juu ya uso wa jiwe. Mkao huu ulipata umaarufu mwaka 1886, kampuni ya Tiffany ya New York ilipotoa pete ya kucha sita iliyoiinua almasi juu ya mzunguko wa pete ili mwanga uingie kila upande. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyolipatia jiwe letu jina la tanzanaiti mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya jiwe kugunduliwa Mirerani, ugunduzi ambao Serikali ya Tanzania ilimtambua rasmi Jumanne Ngoma kwa ajili yake mwaka 2018. Kampuni moja, basi, ndiyo iliyotuzoesha jiwe kusimama juu na ndiyo iliyoipeleka tanzanaiti duniani. Vitu hivi viwili vikakutana kwenye pete nyingi, ingawa kucha zile zilitengenezwa kwa ajili ya jiwe lenye ugumu wa 10.

Pete ya ukingo ni ile ambayo ukanda mwembamba wa dhahabu umelizunguka jiwe lote na kukunjwa juu ya kingo zake. Ni mkao wa kale kuliko kucha, na ndio ambao vijana siku hizi wanauona kuwa wa kisasa kwa sababu ni safi, hauna madoido, haujipambi. Babu wa masonara wa Lamu au Unguja angeutambua mara moja.

Iweke mikao hii miwili ubavu kwa ubavu.

Kwa ulinzi, ukingo unashinda bila ubishi. Sehemu ya tanzanaiti inayomeguka kwanza ni kingo, ule mstari ambapo uso wa juu unakutana na mwili wa chini. Ukingo wa dhahabu unafunika mstari huo wote. Kucha nne zinafunika nukta nne tu, na kila kilicho kati yake kiko wazi. Kucha sita ni afadhali kwa sababu nyingine: moja ikivunjika, tano zinabaki zimelishika jiwe hadi ufike kwa fundi. Kwenye kucha nne, ikiondoka moja, jiwe linaweza kudondoka siku hiyohiyo.

Kwa kuonekana, kucha zina haki yao. Zinaonyesha jiwe lote, na kwa tanzanaiti hilo si dogo, kwa sababu raha ya jiwe hili ni kuligeuza na kuona rangi moja ikiipisha nyingine. Ukingo mnene hulila jiwe. Linaonekana dogo na lenye giza. Lakini usikubali ukiambiwa kwamba ukingo unazima mwanga. Jiwe lililokatwa vizuri hupokea na kurudisha mwanga wake mwingi kupitia usoni. Mwambie sonara afanye ukingo mwembamba na aache chini pawe wazi, asiweke sahani ya dhahabu. Jiwe langu sasa ni dogo kuliko lilivyokuwa, na bado watu wananishika mkono kulitazama.

Kwa kazi za mikono, hapa ndipo nisipobadili maneno. Kucha hukamata vitu. Hukamata uzi wa kanga, sweta, chandarua, nywele za mtoto unayemsuka. Kila inapokamata, inainuka kidogo, na ikishainuka jiwe linaanza kucheza. Unga wa chapati unajibana chini yake na hautoki mpaka kwa mswaki. Ukingo ni laini pande zote, unapita juu ya kitambaa kama kijiwe cha ufukweni.

Kwa kuliondoa jiwe, mambo yanageuka. Siku pete itakapohitaji kupanuliwa au kuungwa kwa moto, tanzanaiti lazima itolewe kwanza. Kufungua kucha na kuzifunga tena ni kazi ya dakika chache. Kufungua ukingo bila kulibana jiwe ni kazi ya mkono uliotulia, na kila mara unapofunguliwa kuna hatari. Kwa hiyo ukichagua ukingo, pima kidole vizuri tangu mwanzo. Kuna mafundi wenye mashine ya kuunga kwa leza ambao joto lao hukaa mahali padogo sana. Ukimpata wa namna hiyo, hofu inapungua.

Kwa pete ya ndoa itakayofuata, watu husahau kabisa kuuliza. Jiwe la ukingo lililokaa chini karibu na kidole linaweza kuizuia pete ya ndoa iliyonyooka isilale bega kwa bega na ya uchumba. Inabaki nafasi katikati. Jiwe la kucha lililoinuka huiachia pete ya pili ipite chini yake. Dawa ya ukingo ni ama kuuinua milimita moja au mbili, ama kutengeneza pete ya ndoa yenye mkunjo. Amua leo, siyo wiki ya harusi.

Kwa gharama, siwezi kukupa namba itakayokaa, maana dhahabu inabadilika bei kila siku. Lakini hesabu yake inaeleweka: vichwa vya kucha mara nyingi huja vimeshatengenezwa, fundi anaviunga tu. Ukingo hupimwa na kukunjwa kwa ajili ya jiwe lako lenyewe, unakula dhahabu zaidi na saa zaidi. Utalipa zaidi kwa ufundi.

Kuna njia ya katikati ambayo mimi naipenda sana, nayo ni nusu ukingo: dhahabu inalikumbatia jiwe kwenye ncha zake mbili tu, na pande mbili zinabaki wazi. Kwa jiwe la umbo la yai, ncha ndizo zinazogongwa zaidi, kwa hiyo unazifunika zile na kuacha mbavu zipumue. Picha nyingi zinaonyesha kinyume, mbavu zimefunikwa na ncha ziko nje. Kwa almasi sawa. Kwa tanzanaiti mwambie fundi ageuze.

Na kama moyo wa mchumba wako uko kwenye kucha, usimnyime, ila omba mambo matatu: ziwe sita, ziwe nene, na jiwe likae chini. Kama jiwe lina ncha kali, mfano umbo la tone la machozi, ncha hiyo ifunikwe na kucha yenye mfano wa herufi V. Pete iliyoinuka juu ya kidole kama mnara inagonga kila mlango unaopita.

Shada

Huu ndio mkao ambao wauzaji wanauita helo: jiwe kubwa katikati, na duara la vito vidogo, kwa kawaida almasi, limelizunguka. Mimi naliita shada, kwa kuwa ndivyo linavyoonekana.

Pete ya shada inayojulikana kuliko zote ina uhusiano na huku kwetu. Ni ile yakuti ya buluu ya karati 12 iliyozungukwa na almasi 14, aliyoichagua Diana alipochumbiwa na Charles, mwana wa Malkia wa Uingereza, mwaka 1981. Mwanawe William aliibeba kwenye begi la mgongoni mpaka Kenya, na Oktoba 2010, huko kwenye miteremko ya Mlima Kenya, akamchumbia nayo Catherine Middleton. Tangu hapo picha za jiwe la buluu lenye duara jeupe hazijaacha kupendwa, na kwa kuwa tanzanaiti ni buluu, wengi wanaomba ileile. Wakumbuke kwamba yakuti ni 9. Imevaliwa miaka yote hiyo ikiwa na ugumu ambao tanzanaiti haina.

Hata hivyo shada lina faida ya kweli kwa jiwe letu. Vito vidogo vinavyolizunguka ni kama ukuta. Pigo la pembeni linavikuta vyenyewe kwanza. Pia weupe wa almasi huifanya buluu iwe nzito zaidi machoni, na hilo linasaidia sana tanzanaiti ndogo, kwa kuwa mawe madogo ya tanzanaiti mara nyingi huwa mepesi wa rangi kuliko makubwa. Mwenye jiwe la nusu karati anaweza kupata pete inayojaza kidole.

Kasoro yake ni vile vidogo vyenyewe. Kila kimoja kimeshikwa na kucha ndogo mno, na vinadondoka. Utaamka siku moja uone shimo jeusi kwenye duara, na kipande chenyewe kimeshakwenda na maji ya kufulia. Kukirudisha siyo ghali sana, lakini unarudi kwa fundi tena na tena, na kila safari ni kazi kandokando ya tanzanaiti yako. Kama vito vidogo vimeshuka mpaka kwenye mzunguko wote wa pete, kuipanua inakuwa karibu haiwezekani bila kuvuruga mpangilio. Mimi ningekubali shada likaishia juu, na mzunguko wa pete ukaachwa mtupu.

Kuna pia shada la siri, duara la almasi lililofichwa chini ya jiwe, linaloonekana ukitazama pete kwa ubavu tu. Ni zuri kwa picha. Halilindi kitu, na linakusanya sabuni.

Mbano

Hapa nitasema kwa ufupi kwa sababu jibu ni moja.

Mbano ni ule mkao ambao pete imekatwa juu na jiwe limebanwa kati ya ncha mbili kwa nguvu ya chuma chenyewe, halina kitu chini yake. Kampuni ya Niessing ya Ujerumani ndiyo iliyoupatia umaarufu, mwishoni mwa miaka ya 1970. Ni ubunifu wa kupendeza, na ukiona almasi inavyoelea kati ya ncha mbili za platinamu, unaelewa kwa nini vijana wanaupenda. Lakini jiwe hubanwa kwa nguvu kubwa mchana na usiku. Almasi inaweza kuvumilia, yakuti inaweza. Tanzanaiti yenye mwelekeo wake wa kupasuka haifai humo. Sonara atakayekubali kukufanyia mbano wa kweli wa tanzanaiti, muage kwa heshima uende kwa mwingine.

Zipo pete zinazofanana na mbano lakini zina kikalio kidogo kilichofichwa chini ya jiwe. Hizo zinaweza kufikiriwa, mradi fundi akuonyeshe hicho kikalio kwa jicho lako. Na hata kwa almasi, ujue kwamba pete ya mbano wa kweli haipanuliwi: ukibadilisha saizi, umebadilisha nguvu inayoshika jiwe. Katika nchi ambayo vidole vinavimba kwa joto la Machi na vinavimba tena kwa ujauzito, hilo si jambo la kupuuza.

Mikao mingine miwili inayoulizwa sana

Jiwe la kulala ni jiwe refu lililolazwa likafuata upana wa vidole badala ya urefu wa kidole. Linapendeza kwenye vidole virefu, na linakaa chini. Ubaya wake kwa umbo la yai ni kwamba ncha zinaelekea vidole vya jirani na kuvisugua, kwa hiyo usilifanye bila ukingo.

Mawe mawili ni pete ambayo vito viwili vinakaa ubavu kwa ubavu. Mwaka 1796 Napoleon wa Ufaransa alimpa mchumba wake Joséphine pete ya namna hiyo, yakuti na almasi, kila moja na umbo la tone, zikiwa zimegeuziana. Siku hizi mtindo huo umerudi, na nimeona tanzanaiti ikiunganishwa na tsavoraiti ya kijani, jiwe linalopatikana Tanzania na pande za Taita na Taveta. Rangi zinakubaliana sana. Ila tsavoraiti ni ngumu kuliko tanzanaiti na haina ule mwelekeo wa kupasuka. Zikikaa bila nafasi, gumu litalikwangua laini. Zitenganishwe na ukuta mwembamba wa dhahabu.

Dhahabu ipi ishike?

Neno karati linachanganya watu kwa sababu linatumika mara mbili. Karati ya jiwe ni uzito: karati 1 ni gramu 0.2. Karati ya dhahabu ni usafi: 24 ni dhahabu tupu, 22 ina asilimia 91.6, 18 ina asilimia 75, na 14 ina asilimia 58.5.

Kwa familia nyingi za pwani, na kwa ndugu waliozoea dhahabu ya Dubai na Oman, dhahabu ni 22, chini ya hapo bibi harusi anahisi amepunjwa. Naelewa, na nimelelewa na mama mwenye msimamo huohuo. Lakini dhahabu ya 22 ni laini. Kucha za 22 hupinda, na kucha ikipinda jiwe linakwenda. Kwa kucha chukua 18, au 14 ambayo ni ngumu zaidi. Kinyume chake, ulaini wa 22 unafaa kwa ukingo: fundi anaukunja juu ya jiwe kwa nguvu kidogo, na tanzanaiti inashukuru. Wale ambao bibi harusi atakataa chochote kilicho chini ya 22, basi ukingo ndio jibu lao hata kabla hatujafika kwenye mambo ya mapishi.

Fedha ya 925, yaani madini ya fedha yenye usafi wa asilimia 92.5, inayouzwa sana na tanzanaiti kwenye maduka ya Arusha na Mji Mkongwe, ni nzuri kwa kidani au hereni. Kwa kucha za pete ya kuvaa kila siku ni laini mno.

Kuhusu rangi: dhahabu nyeupe na platinamu huikoleza buluu. Dhahabu ya njano huvuta ile zambarau na kuipa pete joto. Jiwe langu liko kwenye njano na sijatamani kubadilisha. Ujue tu kwamba weupe wa dhahabu nyeupe kwa kawaida unatokana na rodiamu, metali nyeupe inayong'aa, iliyopakwa juu, nayo huisha na kupakwa upya. Kabla ya kuipaka, muulize fundi atalindaje jiwe, na usiruhusu pete yenye tanzanaiti itumbukizwe kwenye ile mashine ya kusafishia inayotikisa maji kwa mawimbi ya sauti. Maji ya vuguvugu, sabuni laini na mswaki wa mtoto vinatosha.

Mikono yake

Baada ya yote hayo nikamuuliza mdogo wangu: "Wifi yangu mtarajiwa anafanya nini kwa mikono yake kutwa nzima?"

Akanyamaza. Mchumba wake ni muuguzi wa wodi ya watoto. Anavaa na kuvua glavu mara nyingi kwa siku, ananawa kwa sabuni kali, anainua watoto. Nyumbani anafua kwa mikono kwa sababu haiamini mashine. Hapo picha nusu zikafutika zenyewe kwenye simu yake. Kucha ndefu zingechana glavu. Shada lingejaa sabuni. Mbano ulishaondoka.

Nikamwambia kama mchumba wake angekuwa mtu wa ofisini, anayevua pete akiingia jikoni, ningemruhusu kucha sita bila wasiwasi mwingi. Na kama mwenye mikono yenye kazi nyingi bado anataka jiwe lililosimama juu, basi abadilishwe jiwe, siyo ushauri: spineli ya Mahenge, yakuti, au almasi kama ile ya mgodi wa Mwadui ambayo wazazi wetu walikuwa wakiisimulia. Kuna heshima katika kumpa mtu jiwe linaloweza kuishi maisha yake.

Akauliza kuhusu saizi. Nikamweleza apime jioni, siku ya joto la kawaida, siyo alfajiri wakati vidole vimesinyaa. Na apime kidole chenyewe cha pete cha mkono wa kushoto, kwa kuwa cha kulia hutofautiana.

Wiki iliyofuata tulikwenda pamoja kwa fundi aliyenirekebishia langu. Walizungumza kwa muda mrefu, mimi nikiwa kwenye benchi. Walikubaliana nusu ukingo wa dhahabu ya 18 ya njano, ncha za yai zimekumbatiwa, mbavu wazi, chini wazi, na jiwe limeinuliwa milimita moja na nusu ili pete ya ndoa ipate kupita. Fundi alilitazama jiwe kwa lenzi, akaligeuza, akaweka alama ndogo kwenye karatasi kuonyesha upande ambao hataubonyeza.

Pete ilipokamilika mdogo wangu alifanya jambo nililomfundisha. Aliitikisa karibu na sikio, akasikiliza kama jiwe linacheza. Kimya. Kisha akachukua ncha ya kanga yangu na kuipitisha juu ya pete mara tatu, polepole, kutoka kila upande. Hakuna uzi ulionaswa. Akairudisha kwenye kikasha, akakiweka mfuko wa ndani wa koti, na njia nzima ya kurudi nyumbani mkono wake haukutoka pale mfukoni.